Kijana wa Studio, Nirudishie Bibi Yangu

Picha ya bibi ni ndogo, inaenea kiganjani. Ilipigwa studio huko Tanga miaka ya 1960, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende. Amekaa kitini, mkoba mapajani, na mkononi ana saa ambayo mama anasema ilikuwa ya mpiga picha. Hacheki. Anakutazama kama mtu anayesubiri umalize upuuzi wako.

Wiki mbili zilizopita niliipeleka studio moja ikuzwe na kutiwa rangi, tuitundike kabla ya hitima. Shilingi 45,000 pamoja na fremu. Nilipoenda kuichukua nikamkuta mwanamke mwingine. Maji ya kunde kuelekea weupe, mashavu yamewiva, mikunjo ya paji la uso imepigwa pasi. "Nimemng'arisha kidogo dada, si unaona alivyotoka?"

Bibi yangu alikuwa mweusi tii. Na unajua nilifanya nini? Nililipa. Nikasema asante.

Usiku nikakumbuka dhambi yangu ya zamani. Februari 2018, picha ya Michelle Obama ilipozinduliwa pale National Portrait Gallery, jumba la taifa la picha za watu huko Washington, magrupu yetu yaliwaka moto: hafanani, amepauka, amepakwa majivu. Mimi nilikuwemo. Niliandika kwamba mchoraji aliishiwa rangi ya kahawia, nikapata vicheko vingi tu.

Mchoraji mwenyewe ni Amy Sherald, mzaliwa wa Georgia, aliyehudumia mezani mikahawani hadi anakaribia miaka 40 na kupandikizwa moyo akiwa na 39. Anachora watu weusi, na karibu wote anawapa ngozi ya kijivu: nyeusi iliyokorogwa na njano. Ndio mkorogo pekee ninaoukubali.

Kijivu hicho kina ukoo. Mwenyewe ameeleza kwamba alivutwa na picha za zamani, ikiwemo ya bibi yake, na zile za Wamarekani weusi ambazo W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alizipeleka Paris kwenye maonyesho ya mwaka 1900. Utumwa Marekani ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865 tu, na hawa hapa wamekaa studio, kola zimenyooka, wanakutazama usoni. Hawakukamatwa kupigwa picha. Walikwenda kwa miguu yao, wakavaa walichochagua, wakakaa walivyotaka. Ukiniambia hiyo si sawa na bibi na saa yake ya kuazima, tutagombana.

Maana sisi tukiona picha ya rangi, kabla hatujamwona mtu tumeshampima. Mweupe. Maji ya kunde. Mweusi ila ana sura. (Hilo "ila" ningelichoma moto.) Rula hiyo tunatembea nayo harusini, kwenye usaili wa kazi, hata wodi ya wazazi, ambako mtoto wa siku moja anakaguliwa masikio ajulikane atakuwa na rangi gani. Sherald anakunyang'anya rula. Ngozi haikupi majibu, basi inabidi umtazame: pua, nywele, mikono, kidevu. Na weusi wenyewe hauendi popote, hakuna anayetazama watu wale akadhani ni Wazungu. Michelle wake amekaa kwenye turubai la karibu mita 1.8 kwenda juu, gauni limetanda kama mlima, lina maumbo yanayokumbusha mafarishi ya viraka ya wanawake weusi wa kijiji cha Gee's Bend kule Alabama, kidevu amekiegemeza nyuma ya mkono. Huyo hakuja kuonekana mzuri. Amekuja kukaa.

Haya, nakubali, shingo upande: uso wake kwa mbali umepoa, na kama sikuambiwa ni Michelle ningeweza kupita. Pia yupo Kerry James Marshall, mchoraji mwingine Mmarekani, anayechora watu weusi kama masizi, bila kuomba radhi, na kuna siku namwona huyo ndiye mwenye jibu. Na ndiyo, picha hizi bei zake si za akina sisi. Picha moja ya Sherald iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4 mwaka 2020. Sawa.

Kinachoniuma ni kingine. Julai 2025 Sherald aliyafuta maonyesho yake makubwa yaliyokuwa yaende National Portrait Gallery hiyohiyo, kwa sababu palizuka wasiwasi juu ya picha yake moja, ya mwanamke aliyebadili jinsia aliyesimama kama Sanamu ya Uhuru. Akaita udhibiti, akachukua kazi zake akaondoka, na maonyesho yakaenda Baltimore. Una maoni yako juu ya picha hiyo, baki nayo. Mimi ninachoona ni mtu aliyesema watu wangu hawaguswi, mbele ya taasisi ya nchi nzima. Nami nilishindwa kusema hivyo mbele ya kijana mwenye kompyuta na feni mbovu.

Mama alipoiona picha alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Huyu ni wa upande wa baba yako?"

Ile ndogo imerudi ukutani, na kona yake ya mende. Fremu kubwa ninayo, mninga mtupu, kioo hakina mkwaruzo. Anayeitaka aje aichukue, na huyo dada aliyemo ndani aende naye.