Besi tano na trei ya mayai: naitetea mada ya kwanza ya S1

Kila muhula wa kwanza, hapa Busia, Uganda, hakosi mzazi wa kunijia na daftari la mwanawe aliyeingia Senior One (S1), mwaka wa kwanza wa sekondari. Analifungua ukurasa wa mwanzo. "Mwalimu, hii besi tano ni ya nini? Sokoni nani anahesabu hivi?" Simlaumu hata kidogo. Ameuza mahindi apate karo, halafu anamkuta mtoto akihesabu kwa mafungu ya tano badala ya kumi, akiandika ishirini na tatu kama 43: mafungu manne ya tano, na tatu juu.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza na S1 mwaka 2020, na waliousoma kwanza walifanya UCE, mtihani wa mwisho wa S4, mwaka 2024. Kazi za darasani sasa zina asilimia 20 ya alama, mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, asilimia 80, na kila mada hufungwa kwa kazi inayotoka katika maisha ya kawaida. Lakini katika hesabu besi zimebaki mlangoni. Ndizo zinazompokea mtoto kabla ya namba hasi, kabla ya sehemu na asilimia, kabla ya grafu, takwimu na aljebra. Mtaala uliojitangaza kuwa wa maisha unafungua mwaka kwa kitu ambacho mzazi hakioni popote maishani, na hapo ndipo kelele zinapoanzia.

Wanaotaka mada hii iondolewe, au irudishwe nyuma, wana hoja za kweli. Mtoto ameshakutana na besi shule ya msingi, kwa hiyo wanauliza kwa nini arudie. Kisha wiki za kwanza za S1 madawati mengi huwa matupu: wengine karo haijapatikana, wengine bado wanatafuta nafasi. Anayefika wiki ya nne amekosa mada nzima. Na kama kuna wiki mbili za kuokoa, wanasema, apewe asilimia, ajue riba ya mkopo inavyomla mtu. Hoja ya madawati matupu inanisumbua, na nitairudia.

Utetezi wa kila siku ni kwamba kompyuta hutumia besi mbili. Mimi siutumii. Watu wanatuma pesa kwa simu tangu asubuhi hadi usiku bila kuijua besi mbili, na mzazi analijua hilo vizuri.

Ninachokiona ni kingine. Mpe mtoto aliyefaulu PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hesabu hii ya besi tano: 32 toa 14. Mbili haitoi nne, anaazima kwa jirani. Anaazima ngapi? Wengi huandika kumi bila kufikiri, wanapata kumi na mbili, wanatoa nne, wanaandika nane. Jibu lao ni 18, na katika besi tano tarakimu nane haipo kabisa. Alichoazima ni tano: tano na mbili ni saba, toa nne, tatu. Jibu sahihi ni 13. Kosa hilo lina thamani kuliko kurasa kumi za majibu sahihi, kwa sababu linafichua kwamba kwa miaka saba mtoto alikuwa akiazima bila kujua anaazima nini. Katika besi kumi kanuni ilimficha: alikariri, akapata, akawekewa alama ya vema. Nani angemjua? Ndiyo maana hoja ya kurudia hainishawishi. Shule ya msingi alifundishwa hatua tu. Maana yake hajawahi kuiona.

Sasa mtazame mama anayeuza mayai karibu na paki ya teksi. Ana trei tatu na mayai 17 pembeni, mteja anataka 20. Hayo 17 hayatoshi, kwa hiyo anafungua trei moja. Anajua amefungua thelathini, wala hawezi kudhani ni kumi, maana yako mbele ya macho yake. Sasa ana 47, anatoa 20, zinabaki trei mbili na mayai 27. Huyo mama amefanya hesabu ya besi thelathini tangu asubuhi. Jibu la swali la yule mzazi liko pale pale sokoni alikolitafuta.

Na si mayai tu. Mwambie mtoto huyo gari limefika saa nne na dakika ishirini, safari ni dakika arobaini na tano, liliondoka saa ngapi? Nimesahihisha majibu ya saa tatu na dakika sabini na tano. Ameazima saa moja akaihesabu kuwa dakika mia. Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa kumi na mbili tangu kuche, kisha tunaanza upya. Siku saba za arusi tunaziita fungate, na ndani yake limo jina la kale la namba saba, mfungate. Kuhesabu kwa mafungu yasiyo kumi hakujawahi kuwa kugeni kwetu.

Muhula wa tatu aljebra inapofika, kazi ya besi inaonekana tena. Aliyeelewa kwamba 43 ya besi tano ni nne mara tano, ongeza tatu, hana hofu ukimwondolea ile tano ukaweka herufi. Namba 43 ya besi fulani ni sawa na 35 ya kawaida, besi gani? Nne mara x, ongeza tatu, ni 35. Besi nane. Ametatua mlinganyo wa aljebra kabla hajaogopeshwa na jina lake.

Kwa hiyo nazitetea, ila si mahali zilipo. Mada ya wakati na ratiba za safari imewekwa mwisho wa mwaka, miezi mingi mbali na besi, ilhali ni hesabu ile ile. Ningeanza mwaka na namba hasi, ambazo anayechelewa anaweza kuzifidia kwa mazoezi, kisha katikati ya muhula, madawati yakishajaa, nilete besi na saa pamoja. Somo la kwanza liwe trei tatu za mayai mezani, na mtoto aitwe mbele aifungue moja kwa mkono wake.