Mnyama wa Jipe Hajalipa

Wiki jana mpwa wangu alinichorea mnyama, hapa nyumbani Tudor, baada ya chai ya alasiri. Anaishi Ziwa Jipe, akaniambia, na kampa kila kitu: matamvua ya majini, mapafu ya nchi kavu, magamba ya mamba, ngozi ya chura chini yake, na mabawa, "akichoka kuogelea, mjomba." Nilimsifu. Ana miaka tisa.

Lakini nina neno. Kubuni si kosa. Kosa ni kwamba mnyama huyu kapewa vyote bure. Ngozi ya chura huvuta hewa kwa sababu ni nyembamba na ina unyevu. Ivishe magamba, kazi imekwisha. Na kwa wembamba huohuo, chura utamsikia mtaroni baada ya mvua, wala humkuti baharini: maji ya chumvi yanamkausha.

Mtazame kamongo, samaki wa Ziwa Victoria. Ana mapafu, na maji yakikauka hujifukia topeni, akajizungushia ute unaokauka kama mfuko, akalala miezi na miezi huku mwili ukijila misuli yake. Hodari wallahi. Ila matamvua yake yamedhoofu, hata ukimzuia asije juu kuvuta pumzi, anakufa maji. Samaki, kufa maji! Mimi sijasoma hadithi ya zimwi yenye jambo la ajabu kuliko hilo.

Na Jipe lenyewe lina masharti yake. Kina chake ni kifupi, matete yamelisonga. Mle, macho juu ya kichwa kama ya kiboko yana faida. Mabawa ya nini?

Sikumwambia haya yote. Jumamosi maji yalipokupwa nilimpeleka mikokoni, kwenye wale samaki wadogo wa matopeni wenye macho ya utosini. Wanatembea kwa mapezi, wamebeba maji kwenye matamvua, na kila baada ya muda lazima wajilowanishe dimbwini, la sivyo ngozi ikauke na pumzi iishe. Mpwa wangu alichuchumaa pale mpaka viatu vikazama.

Tuliporudi alichukua kifutio. Mabawa yametoka. Magamba amebakisha mgongoni tu, tumbo ameliacha wazi, na kila mahali amechora vidimbwi. Mapafu nimejaribu kumbana, hataki kusikia.