Mtafiti aisome makala kabla haijachapwa?

"Kabla hujampa mhariri, nitumie kwanza niipitie." Mwandishi wa sayansi hapa Dar es Salaam hulisikia ombi hili karibu kila anapofunga daftari kumuaga mtafiti, iwe Upanga, Mikocheni au Mlimani. Wenzangu wanaoandika siasa hawaoni ugumu wowote: mbunge haonyeshwi habari yake kabla haijatoka, basi. Kwangu jibu si jepesi hivyo, na sababu kubwa ni lugha.

Ripoti ya mtafiti ni ya Kiingereza kitupu. Mazungumzo yetu ni Kiswahili kilichochanganywa. Makala naiandika kwa ajili ya mama wa Mbagala anayetaka kujua kama mwanawe achanjwe. Maana huweza kumwagika popote njiani. Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa kuanzia 2009 hadi 2014 katika nchi 7 za Afrika, na kwetu ikajaribiwa Bagamoyo na Korogwe. Kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, ufanisi ulikuwa asilimia 36 katika muda wa miaka 4 hivi. Nikiandika kwamba "chanjo hukinga watoto 36 katika kila 100", sentensi inasomeka vizuri, lakini ni kosa. Kilichopungua kwa asilimia 36 ni matukio ya kuugua malaria, ukilinganisha na watoto ambao hawakupata chanjo hiyo. Mtoto mmoja anaweza kuugua mara kadhaa, kwa hiyo upungufu huo ni homa nyingi mno zilizoepukwa. Mama akisoma sentensi yangu mbovu ataona watoto 64 wameachwa hivi hivi, na huenda asiende kliniki. Mhariri hawezi kulinasa kosa hilo. Mtafiti angelinasa kwa nusu dakika.

Hapo ndipo ninapowaelewa wanaosema tuwaonyeshe.

Lakini rasimu ikishatoka mkononi hairudi ilivyokwenda. Niliwahi kumtumia mtafiti mmoja makala nzima. Ilikaa siku 9, ikapita kwa afisa uhusiano, ikarudi bila aya iliyoeleza kwamba waliopimwa walikuwa wachache. Jina la mkurugenzi lilikuwa limepanda hadi aya ya kwanza. "Mbu jike anayeuma usiku" alikuwa amegeuka "vekta". Hakuna uongo ulioongezwa; kilichofutwa ndicho msomaji alichokihitaji ili apime mwenyewe. Iliniuma, na bado inaniuma.

Halafu, nani hasa mwenye haki ya kusahihisha? Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friji ukiwa moto ukiganda kabla ya wa mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa yake. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia hapa Dar es Salaam, alilichukua swali lake akalipima maabara, na mwaka 1969 makala yao ya pamoja ikachapishwa. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli. Nikiandika habari za Mpemba, nimpe aipitishe anayeamini au anayepinga? Kila mmoja angefuta nusu yake.

Kwa hiyo nimechagua njia yangu, na humweleza mtafiti kabla hatujaanza kuongea. Sentensi zinazobeba takwimu, zinazoeleza jinsi kitu kinavyofanya kazi, na maneno yake mwenyewe, nitamsomea kwenye simu. Hitimisho langu na maoni ya watafiti wengine sitamsomea. Wapo waliokataa mahojiano kwa sababu hiyo, na kwa mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa makala, mahojiano yaliyokataliwa ni kodi ya nyumba iliyopungua.

Njia hii ina tundu. Kila sentensi inaweza kuwa sahihi na makala nzima ikapotosha. Na kichwa cha habari hatukioni, si mimi wala mtafiti; hupachikwa usiku chumba cha habari. "Dawa ya malaria yapatikana" ingefuta kila nilichosoma kwenye simu. Ndiyo maana siku hizi nampelekea mhariri makala ikiwa na vichwa vitatu nilivyovitunga mwenyewe, achague kimoja.