Theluji nayo ina saa zake

Juzi barazani hapa Mji wa Kale, kahawa tungu mkononi, kijana katuonyesha video ya theluji ikiporomoka milima ya Alps na jua linawaka kweupe kabisa, mzee mmoja akauliza "sasa joto lote hilo yaporomoka kwa nini, si ingengoja baridi?" Tukacheka, lakini wallahi lile swali lilikua zuri kuliko majibu tuliyompa.

Maana mwezi wa tatu wa nne hivi kule baridi ndo inaachia, usiku theluji inaganda ngumu hata ukiikanyaga huzami, jua likiipiga inayeyuka juu, maji yanapenya ndani na zile chembe zilizoshikana zinaachiana. Miteremko inayotazama mashariki ndo inaanza, halafu kusini, magharibi mwisho. Ikikatika kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 haina mbio kama ile kavu ya baridi kali, ila ni nzito kama zege, na ikisimama inashika kama zege vilevile, kujifukua mwenyewe sahau.

Ndo maana nakataa hii kauli ya watu kwamba wazungu wanaopanda milima hiyo "wanajitafutia kifo". Kwani sisi? Maji yakipwa twatembea mpaka mwambani kule Nyali kutafuta pweza, na kila mtu ajua saa ya kurudi, siku za bamvua, maji yanapopwa na kujaa sana, ndo kabisa. Anayepatikana na maji ni yule aliyesema ngoja nichungulie hili tundu moja tu. Mlimani ni vivo hivo, wenyewe wanatoka saa kumi alfajiri na kabla ya saa sita washateremka.

Kinachonikera mie ni ile namba. Ulaya hatari ya maporomoko inatangazwa kwa kiwango cha 1 mpaka 5, na miezi hiyo asubuhi yaweza kua 1 au 2, mchana ikapanda 3, mtu anasoma ya kwanza anafunga simu. Mie ningeiandika saa kubwa kuliko namba. Halafu kuna usiku wa mawingu, joto la theluji halipati pa kutokea, haigandi, kukicha ishalegea tayari, na hilo mtu wa Mombasa haelezwi, usiku wa mawingu na stima imepotea twaujua sana tu.

Mzee akauliza tena, basi wana jedwali la kupwa na kujaa kama letu? Nkamwambia hawana, mtu anaamka usiku anatoka nje kutazama kama nyota zaonekana.