Mwalimu na msimamizi wake msiwaweke meza moja

Habari kuhusu utafiti mmoja inasema walimu, maafisa elimu kata na maafisa ustawi wa jamii, jumla 15, walijadili pamoja kwa saa moja, wakakubaliana kwamba wasichana waliojifungua wanarudi shuleni bila shida tangu waraka wa serikali ya Tanzania wa 2021 ulioruhusu warudi. Makubaliano hayo yananitia shaka. Afisa elimu kata ndiye msimamizi wa mwalimu. Akishasema "kwetu hakuna tatizo", nani atampinga?

Watafiti, watengeni. Walimu wa malezi peke yao, ustawi wa jamii peke yao, watu 6 hadi 8, dakika 90. Kila kada iwe na angalau vikundi 2, maana kimoja hutekwa kirahisi na msemaji mmoja. Na msiulize "sera inatekelezwaje?", mtasomewa waraka. Wapeni kisa: binti wa kidato cha pili, mtoto wa miezi 4, shule iko kilomita 7. Kesho asubuhi anaanzia ofisi ya nani? Nani anamshika mtoto wakati wa kipindi? Hapo ndipo watu huanza kubishana.

Pia awepo mtu wa kuandika nani kasema na nani kanyamaza. Kinasa sauti hakimwoni mwalimu anayeinamisha kichwa.