Mama Margherita Alijua Kuamua

Jumapili iliyopita nilisikiliza mahubiri kuhusu Mama Margherita, mama mzazi wa Mtakatifu Yohane Bosco, nikatoka kanisani na uchungu ambao haujaniisha hadi sasa ninapoandika. Katika miaka yote 68 ya mama huyu, mhubiri alichagua kisa kimoja tu: siku alipochoshwa na vijana wa Oratorio, kituo cha mwanawe cha kulelea vijana maskini, waliomkanyagia bustani yake, akamwambia mwanawe kwamba anataka kurudi kwao shambani, Don Bosco akamwonyesha Msalaba uliokuwa ukutani bila kutamka neno, naye akakiri kwamba mwanawe ana haki, akarudi kwenye kazi zake. Kutokana na kisa hicho, akina mama tuliokuwapo tuliambiwa tuvumilie na tusilalamike.

Kisa ni cha kweli, sikikatai. Ninachokataa ni kumkata mwanamke huyu kipande kimoja na kukitumia kuwafunga wengine midomo. Margherita Occhiena alikuwa mkulima, mke wa mkulima, na kisha mjane aliyeshika shamba na nyumba kwa mikono yake miwili. Ibada yake haiwezi kuelezwa bila shamba hilo, kwa sababu ni humo alimosali na ni humo alimofanya maamuzi ambayo bila hayo tusingekuwa na Don Bosco wa kumhubiri.

Alizaliwa Capriglio, katika vilima vya Piemonte, kaskazini mwa Italia, tarehe 1 Aprili 1788, na hakuwahi kujifunza kusoma wala kuandika. Mwaka 1812 aliolewa na Francesco Bosco, mjane mwenye mtoto wa kiume aliyeitwa Antonio, akamzalia wana wawili, Giuseppe na Giovanni. Mei 1817 Francesco alirudi kutoka kazini akiwa ametota jasho, akaingia katika ghala la chini lenye baridi kali, na baada ya siku chache homa ya mapafu ikamwua. Margherita alikuwa na umri wa miaka 29. Giovanni, ambaye sisi tunamwita Don Bosco, alikuwa hajatimiza miaka miwili, na ndani ya nyumba alikuwamo pia mama mkwe mzee na mgonjwa wa kutunzwa.

Mwaka huohuo ukame uliunguza mavuno, na njaa ikaingia katika vijiji vyote vya jirani. Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa kuwa hapa ndipo mwanamke huyu anapoonekana mzima. Don Bosco mwenyewe ameandika kwamba mama yake aliilisha familia kwa akiba aliyokuwa nayo hadi ilipokwisha, kisha akampa jirani fedha aende kutafuta chakula sokoni. Jirani alizunguka masoko, akarudi mikono mitupu, maana hata mwenye fedha hakupata cha kununua. Watoto walikuwa wameshinda na njaa. Margherita akawakumbusha wote maneno ya mume wake alipokuwa akikata roho, kwamba wamtumaini Mungu, akawaambia wapige magoti wasali. Sala ilikuwa fupi. Akainuka, akasema kwamba mambo yakifika mwisho hutakiwa njia ya mwisho, akaenda zizini pamoja na yule jirani, wakachinja ndama, na usiku uleule watu wa nyumba ile wakala.

Yeyote aliyewahi kuishi kwa kutegemea mifugo anaelewa uzito wa kitendo hicho. Ndama ni maziwa ya miaka inayokuja, ni samadi, ni nguvu ya kulima, ni dhamana ya familia isiyo na kitu kingine, na mkulima humgusa wa mwisho kabisa. Mjane kijana, ambaye pengine angelaumiwa na ukoo mzima endapo mambo yangeharibika, aliamua kwamba uhai wa leo unatangulia mali ya kesho, na akaamua bila kungoja ruhusa ya mtu. Wala hakuona kwamba kushika kisu baada ya kupiga magoti ni kupungukiwa na imani. Sala ilimpa ujasiri wa kutenda, naye akatenda. Kwa nini hatuhubiriwi Margherita huyu? Kwa nini tunapewa yule anayelia tu, wakati aliyesimama zizini ni huyohuyo?

Njaa ilipopita, alijiwa na posa ambayo kwa hesabu za dunia ilikuwa bahati kubwa. Mwanamume alikuwa na uwezo, na watoto wangekabidhiwa kwa msimamizi mwema wa kuwatunza. Alikataa. Jibu lake, kama mwanawe alivyolihifadhi, lilikuwa kwamba msimamizi ni rafiki tu, bali yeye ni mama yao, na dhahabu yote ya ulimwengu isingemfanya awaache. Huyo si mtu aliyekuwa akibebwa na maisha.

Halafu kuna suala la Antonio, na hili linanigusa zaidi kwa sababu wahubiri hulipita haraka. Antonio alikuwa mwana wa kambo, mkubwa kuliko wenzake, mchapakazi wa jembe, na aliona kumsomesha Giovanni ni kupoteza mikono ya kazi. Ugomvi uliendelea kwa miaka. Margherita angeweza kumkandamiza kijana asiye wa tumbo lake, au angeweza kumtoa kafara Giovanni ili nyumba itulie. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alichagua jambo lililomuumiza yeye mwenyewe, akamtuma Giovanni, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, aende kutumika katika shamba la familia ya Moglia ili chuki isije ikazaa mabaya zaidi. Baadaye mali ya familia iligawanywa, Antonio akapata fungu lake, na njia ya shule ikafunguka. Mama anayempeleka mtoto mdogo kwa watu baki ili kulinda amani na haki ya watoto wake wote ana akili ya kiongozi, na ninalisema hilo kwa uzito wote.

Imani aliwafundisha kwa mdomo, kwa kuwa vitabu havikumfaa kitu: sala za asubuhi na jioni, katekisimu aliyoikariri tangu utotoni, maandalizi ya kitubio cha kwanza na ya Komunyo. Giovanni alipoota ile ndoto yake maarufu akiwa na umri wa miaka tisa, kila mtu nyumbani alitoa tafsiri yake, na bibi akasema ndoto si za kutiliwa maanani. Ni mama peke yake aliyejiuliza kwa sauti kama mtoto huyu siku moja angekuwa padre. Alipokaribia kuwa padre kweli, mama huyohuyo alimwonya kwamba akitajirika kwa upadre asitegemee kumwona mlangoni pake.

Sasa turudi kwenye ile bustani. Margherita alikuwa na umri wa miaka 58 alipoacha nyumba yake ya Becchi mnamo Novemba 1846, akatembea kwa miguu pamoja na mwanawe hadi Torino, mwendo wa kilomita 30 hivi, ili awe mama wa vijana wasio na kwao. Nguo zake za arusi zilishonwa kuwa mavazi ya altare. Kijana wa kwanza asiye na makao alipopokelewa mwaka 1847, ni yeye aliyemtandikia kitanda na kumpa maneno machache ya wosia kabla ya kulala, na desturi hiyo Wasalesiani, watawa wa shirika alilolianzisha Don Bosco, wanaishika mpaka leo. Bustani iliyokanyagwa ilikuwa ya mboga, chakula cha vijana haohao. Alikuwa na haki ya kulalamika, akalalamika waziwazi mbele ya padre ambaye ni mwanawe, akataja soksi zilizochanika na nguo zilizopotea, na hakuna mahali tunaposoma kwamba Don Bosco alimkemea kwa kusema. Alibaki, ndiyo, na nakubali kwamba kubaki kwake kulikuwa sadaka kubwa. Lakini alibaki mtu aliyekwisha kuzoea kuchagua, na Msalaba alioonyeshwa alikuwa ameubeba tangu 1817.

Kanisa lilipotambua mwaka 2006 kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, halikupima uvumilivu peke yake. Katika mchakato wa namna hiyo huchunguzwa imani, matumaini na mapendo, na pamoja nazo busara, haki, nguvu na kiasi. Busara yake tunaikuta kwenye uamuzi wa kumchinja ndama, na haki yake kwenye namna alivyomtendea Antonio. Alifariki Torino tarehe 25 Novemba 1856 kwa homa ya mapafu, ugonjwa uleule uliomchukua mume wake. Tarehe hiyo itakapofika mwaka huu, nawaomba mapadre na makatekista watakaomzungumzia wawasimulie akina mama habari za ile njaa, ile posa na ule mgogoro wa nyumbani, kisha ndipo wafike kwenye bustani, na wakifika wasiache kusema kwamba alilalamika.