Puto la Baridi Moyoni, na Kiganja Juu ya Tumbo

Mgonjwa amelala chali chini ya mtambo wa eksirei. Kinenani pametobolewa tundu dogo, mrija umepenyezwa ndani ya mshipa hadi moyoni, ukavuka ukuta mwembamba unaotenga vyumba viwili vya juu. Sasa ncha yake imevimba na kuwa puto la milimita 28, nalo limeziba mdomo wa mshipa mmoja utokao mapafuni. Puto linagandishwa. Katikati ya mitambo hiyo yote ya bei mbaya, mtu mmoja amesimama kando ya kitanda na kiganja chake kiko juu ya tumbo la mgonjwa, chini ya mbavu za kulia. Anasikilizia mateke, moja moja, kama ya kwikwi. Yakilegea tu anapaza sauti, na baridi inakatwa papo hapo.

Mateke hayo ni ya kiwambo, ule msuli mpana wa kuvutia pumzi. Neva inayokiendesha, iitwayo freniki, hupita jirani kabisa na mishipa ya upande wa kulia inayogandishwa. Kwa hiyo madaktari huishtua kwa umeme kidogo kidogo muda wote puto likiwa baridi, ili ikianza kuganda wajue mapema. Ukitaka kuielewa tiba hii, faida zake na ubovu wake, anzia kwenye kiganja hicho.

Ugonjwa wenyewe ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Badala ya kupiga kwa mpangilio, vinatetemeka ovyo. Mtu anahisi moyo unaenda mbio halafu unajikwaa, anaishiwa nguvu, na damu iliyotuama inaweza kuganda, ikapanda kichwani na kuleta kiharusi. Mwaka 1998 kundi la Michel Haïssaguerre huko Bordeaux, Ufaransa, liliwachunguza wagonjwa 45 na kuona kwamba asilimia 94 ya vyanzo vya vurugu hiyo vilikuwa ndani ya mishipa itokayo mapafuni. Tangu hapo kazi imekuwa moja: kuizungushia midomo ya mishipa hiyo uzio wa kovu, umeme wa fujo usivuke.

Kovu hilo kwanza lilichomwa kwa joto la mawimbi ya redio, nukta kwa nukta, ncha ya mrija ikicheza kwa kila pigo la moyo na kila pumzi. Hiyo ni kazi ya mikono iliyozoea sana. Puto, lililobuniwa na kampuni ya CryoCath ya Montreal ambayo baadaye ilinunuliwa na Medtronic, lilikuja na njia ya mkato: liweke mdomoni mwa mshipa, miminia ndani yake naitrasi oksaidi, ile gesi ya usingizi, ikiwa katika hali ya kimiminika. Inapogeuka kuwa gesi hufyonza joto la pande zote. Kipimo ndani ya puto hushuka hadi nyuzi 40 au 50 chini ya sifuri, na dakika tatu au nne zinatosha kugandisha duara zima kwa mkupuo mmoja. Tena puto lililoganda hunata kwenye nyama kama kidole chenye maji kinavyonata kwenye barafu ya friza, kwa hiyo haliponyoki. Chembe hai hufa, lakini nyuzi zinazoshikilia ukuta wa moyo hubaki, na ukuta haupotezi umbo lake.

Je, linafanya kazi? Marekani iliruhusu puto hilo Desemba 2010, baada ya jaribio la watu 245 ambamo karibu asilimia 70 ya waliogandishwa walikaa mwaka mzima bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 7 ya waliobaki na dawa. Namba tamu, ila wale wa dawa walikuwa watu ambao dawa ilikwishawashinda, kwa hiyo ushindani ulikuwa umeegemea upande mmoja. Jaribio la haki zaidi lilitoka mwaka 2016: wagonjwa 762 katika nchi nane za Ulaya, nusu joto, nusu baridi. Ugonjwa uliwashinda waganga kwa asilimia 34.6 upande wa baridi na 35.9 upande wa joto. Sare. Baridi ilimaliza kazi kwa dakika 124, joto kwa 141. Lakini wa baridi walipigwa eksirei dakika 22, wa joto 17.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo wauzaji walipozidisha chumvi. Baridi haikuwahi kulishinda joto kwa kuponya. Ilichoshinda ni urahisi: daktari asiye bingwa wa mabingwa anaweza kulitumia puto na kupata matokeo yanayokaribiana na ya mwenzake aliyebobea. Hilo si jambo dogo, hasa mahali penye mabingwa wa kuhesabika. Lakini ni sifa tofauti na “tiba bora”, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa tofauti hiyo.

Kulikuwa pia na shaka ya chini chini kwamba pengine nafuu yenyewe ni ya kichwani. Mtu aliyelazwa, akatobolewa na kuambiwa moyo umetengenezwa, lazima ajisikie vizuri. Watafiti wa Uingereza wakaipima shaka hiyo kwa ujasiri unaonivutia. Wagonjwa 126 waliingizwa chumbani. Wengine wakagandishwa kweli, wengine wakashtuliwa tu ile neva ya freniki, mateke ya tumbo yakaendelea kama kawaida, bila moyo kuguswa. Baada ya miezi sita, muda ambao moyo ulikuwa katika mpapatiko ulipungua kwa asilimia 60 kwa waliogandishwa na 35 kwa waliodanganywa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Baridi inafanya kazi, basi.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Katika lile jaribio la Marekani, asilimia 11 hivi ya matibabu yaliijeruhi neva ya kiwambo; wengi walipona baadaye, na kwa wale wa Ulaya idadi ilishuka hadi asilimia 2.7, lakini jeraha hilo ni la baridi hasa, joto hulileta mara chache sana. Kisha jaribio kubwa la CABANA, lenye watu 2,204, lilishindwa kuonyesha wazi kwamba kutengeneza kovu, kwa njia yoyote ile, kunapunguza vifo au kiharusi kuliko dawa. Mtu anayelipia tiba hii analipia kupumua vizuri na kulala usiku. Akidhani ananunua miaka ya ziada, kuna mtu hakumweleza sawasawa.

Na sasa kuna mshindani wa tatu. Mipigo mifupi ya umeme mkali hutoboa chembe za moyo na kuiacha neva na umio karibu salama. Huko Uswisi wagonjwa 210 waliwekewa kifaa chini ya ngozi kinachosikiliza moyo mchana na usiku: ugonjwa ulirudi kwa asilimia 37 ya waliotibiwa kwa mipigo ya umeme na 51 ya waliogandishwa. Umeme huo nao una yake, umewahi kupasua chembe za damu hadi figo zikaelemewa. Hata hivyo, hospitali inayotaka kununua mtambo wa puto leo, na puto kila moja la kutumika mara moja na kutupwa, ingefikiri mara mbili.

Kwetu Afrika Mashariki kuna swali linalotangulia hilo. Homa ya baridi yabisi (baridi nyingine kabisa hiyo) huanzia kooni mwa mtoto na kuishia kwenye vali za moyo. Utafiti wa REMEDY, uliozihusisha Kenya, Uganda na Rwanda, ulikuta wagonjwa wa vali hizo wana umri wa kati wa miaka 28, na mmoja kati ya watano hivi tayari ana mpapatiko. Majaribio ya puto yaliwaacha nje watu wenye vali zilizobana namna hiyo. Kuwachukulia namba za wazee wa Ulaya ni kuwavika kanzu ya mtu mwingine. Kwao bado kuna warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kipimo cha damu kisichokosekana, kuna vali ya kutengenezwa, na kabla ya yote sindano ya penisilini kwa wakati.

Mahali ambapo baridi haijapata mpinzani, kwangu mimi, ni padogo zaidi. Kuna watoto na vijana ambao moyo hukimbia ghafla kwa sababu umeme wake una njia ya mchepuko karibu kabisa na kituo kinachounganisha vyumba vya juu na vya chini. Ukiunguza kituo hicho, umempa mtoto betri ya moyo ya maisha, yaani kifaa cha kuupigisha moyo. Mrija wa baridi usio na puto hushushwa kwanza hadi nyuzi 30 tu chini ya sifuri. Daktari anatazama mchoro wa umeme. Mistari ikianza kuachana, dalili kwamba kituo kimeguswa, anazima, nyama inapata joto, umeme unarudi, na ncha inasogezwa milimita moja au mbili. Akiridhika ndipo anagandisha moja kwa moja.

Bei yake inajulikana. Katika jaribio la wagonjwa 509 lililochapishwa mwaka 2010, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 9.4 ya waliogandishwa na 4.4 ya waliochomwa. Aliyeharibiwa kituo moja kwa moja alikuwa mmoja, upande wa joto. Kwa mzee wa miaka 65 ningesema achomwe amalize. Kwa mtoto wa miaka kumi, ambaye betri angeibadilisha mara nyingi kabla ya kuzeeka, ningechagua baridi, na ugonjwa ukirudi, tunarudi naye hospitali.